Dalali wa Ploti: Je, Ni Msaada kwa Mume na Mke Wanaotafuta Makao?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya upendo, uaminifu na malezi ya watoto. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halitajwi sana mimbarani, lakini limeondoa amani katika nyumba nyingi ninazozijua: kununua ploti au nyumba.

Wachumba ninaowafundisha wakijiandaa kwa ndoa huniuliza mara kwa mara, "Katekista, tumeanza kuweka akiba. Je, tumtafute dalali, ama tutembee wenyewe? Hiyo pesa yake haiendi bure?" Ni swali zuri. Kabla sijalijibu, niwaelezeni yaliyotupata mimi na mke wangu, kwa maana anayefundisha bila kukiri kosa lake hufundisha nusu tu.

Ilikuwa mwaka 2011. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa, watoto wawili, na chumba cha kukodi ambacho mvua ilipokuwa kubwa tulikinga maji kwa sufuria. Mke wangu alikuwa amepokea zamu yake katika chama cha akina mama. Aliniletea shilingi 60,000 akasema, "Baba, peleka hizi benki, tuongeze kwa zile za ploti." Njiani nikakutana na dalali. Alinipakia kwenye pikipiki, akanionyesha kiwanja kizuri kando ya mikaratusi, bei shilingi 350,000. Akaniambia kwamba kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni ile ile. Nikaona nikichelewa nimekosa bahati. Nikamhesabia zile 60,000 pale pale kama pesa za kushikilia, naye akanikatia karatasi kutoka kwa kitabu cha risiti cha dukani.

Nilifika nyumbani nikitembea kama mshindi. Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwenye shamba ni nani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemwona.

Tulipofuatilia tukagundua kwamba mwenye shamba alikuwa amefariki. Aliyekuwa akiuza ni mmoja wa vijana wake sita, na mama yao hakuwa na habari. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na katika familia ile hakuna hata aliyekuwa amefungua kesi. Dalali alisema pesa alimpa kijana. Kijana akasema alipewa 20,000 tu. Baada ya miezi ya kwenda na kurudi kwa chifu tulirudishiwa shilingi 15,000. Zile nyingine zilipotea.

Lakini hasara kubwa haikuwa ya pesa. Usiku mmoja nilimkuta mke wangu akilia jikoni. Nikaanza kumwahidi kwamba nitatafuta vibarua nizirudishe. Akanijibu, "Silii kwa sababu ya pesa. Nalia kwa sababu ulimwamini mtu wa siku moja, ukaniacha mimi wa miaka saba." Neno hilo lilinichoma kuliko hasara yote. Ilituchukua muda mrefu, na msaada wa wazee wawili wa jumuiya yetu, kabla hatujaanza kuzungumza tena juu ya ploti bila kugombana.

Sasa tuingie katika somo letu.

1. Dalali ni nani, na anamtumikia nani?

Hapa Kenya kuna watu wa aina mbili tunaowaita kwa jina moja. Wa kwanza ni wakala aliyesajiliwa. Kazi hii inaongozwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984. Kuna bodi ya kuwasajili, na asiyesajiliwa hana ruhusa kisheria kufanya kazi hiyo. Wa pili ni broka wa barabarani, mwenye simu na maneno matamu. Huyu huenda ni mtu mwema, tena huenda anajua kila kona ya kijiji, lakini akikukosea huna mahali pa kumshtaki kwa bodi, maana bodi haimjui.

Hata hivyo, wote wawili wana jambo moja linalofanana. Mara nyingi aliyewatuma kazi ni muuzaji, na malipo yao hutoka katika bei. Kadiri ploti inavyouzwa haraka na kwa bei kubwa, ndivyo wanavyopata. Hili si dhambi, ndiyo kazi yao. Lakini ni lazima wewe mnunuzi ulijue. Dalali anaweza kuwa na adabu na ukweli, na bado asiwe mtu wako.

Kuna mchezo mmoja ambao umewaumiza wengi. Mwenye ploti anasema anataka shilingi 600,000. Dalali anakuja kwako na kusema ni 750,000. Ile 150,000 ni yake, na juu ya hiyo anakuomba "ya chai" kwa kukutembeza. Dawa yake ni moja: bei itajwe na mwenye mali mwenyewe, mbele yenu nyote, kabla hata shilingi moja haijatoka.

2. Ni wakati gani wakala anafaa?

Nisije nikaeleweka kwamba nasema mawakala wote ni wezi. Hapana. Mwaka 2016 sisi wenyewe tulinunua kupitia kwa wakala aliyesajiliwa, na alitufaa. Alijua ploti zinazouzwa ambazo sisi tusingezijua. Alitueleza wazi kwamba yeye analipwa na muuzaji. Alimleta muuzaji pamoja na mkewe siku ya Bodi ya Ardhi, jambo ambalo lingetuchukua sisi wiki nyingi.

Kwa maoni yangu, wakala anafaa katika hali hizi:

a) Mnapotafuta mahali msipopajua, na hamna ndugu wala rafiki wa kuwaongoza.

b) Mnapofanya kazi mbali. Tunao wake na waume wengi ambao mwenzao yuko Saudia au Qatar akituma pesa nyumbani. Aliyebaki hana nafasi ya kutembea kila Jumamosi.

c) Mnaponunua nyumba iliyokwisha kujengwa mjini, ambako bei hutofautiana sana kati ya mtaa na mtaa, na mnahitaji kulinganisha nyumba kadhaa.

Hafai, au ni gharama ya bure, mnaponunua kutoka kwa jirani mnayemfahamu, katika kijiji ambacho wazee wanaijua mipaka tangu enzi za babu. Hapo pesa ambayo mngempa dalali ni afadhali mkampe mpimaji wa ardhi.

3. Kazi ambazo wakala hawezi kuwafanyia

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Tunadhani tukiisha kumlipa dalali tumemaliza. Hata wakala bora ni wa kuwakutanisha tu na muuzaji. Kazi hizi zinabaki kuwa zenu:

Kwanza, upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, ambao wengi huuita serchi. Mnahitaji nakala ya hati miliki au nambari ya ploti. Majibu yatawaonyesha mwenye mali ni nani, ukubwa wa ardhi, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lolote juu yake. Nairobi kazi hii ilianza kufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa mwaka 2021. Ada yake ni ndogo kuliko nauli na chai ambazo dalali atawagharimu. Msikubali serchi aliyowaletea yeye. Fanyeni yenu.

Pili, mpimaji wa ardhi. Atawaonyesha mawe ya mpaka na kulinganisha na ramani ya sajili. Wako watu walioonyeshwa ploti moja wakauziwa nyingine. Tena kumbukeni hesabu hii: ploti ya futi hamsini kwa mia ni futi 5,000 za mraba, ilhali sehemu ya nane ya ekari ni futi 5,445. Ukiambiwa unanunua "robo ya nusu ekari" ukapewa hamsini kwa mia, umepungukiwa.

Tatu, wakili wenu wenyewe. Si wakili wa muuzaji, wala yule ambaye dalali anamwita "rafiki yangu". Mkataba wa kununua ardhi hausimami mahakamani usipoandikwa, kutiwa sahihi na pande zote mbili, na sahihi hizo kushuhudiwa. Karatasi yangu ya risiti ya dukani haikuwa mkataba.

Nne, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ikiwa ni shamba la kilimo. Ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo mapatano ni bure kabisa, hata kama mmelipa bei yote.

Tano, historia ya ardhi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu ploti ya Nyali huko Mombasa, iliamua kwamba hati miliki peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilikuwa ya umma na ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, familia nyingi ziliona nyumba zao zikibomolewa Mavoko, kaunti ya Machakos, juu ya ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji. Muulizeni wakili wenu: huyu muuzaji aliipata wapi, na aliyemuuzia aliipata wapi? Nanyi waulizeni majirani. Mara nyingine mama anayeuza mboga kwenye kona anajua kesi ambazo karatasi haisemi.

4. Maswali ya kumwuliza wakala kabla hajawatembeza

Andikeni maswali haya kwenye daftari, nanyi mume na mke mwende pamoja:

- Umesajiliwa na bodi? Tuonyeshe cheti cha mwaka huu. (Kisha mthibitishe wenyewe kwa bodi.)
- Nani anakulipa, na kiasi gani? Tunaomba uandike.
- Mwenye mali ni nani, na tutamwona lini, pamoja na mwenzi wake?
- Kuna malipo yoyote ya kutembezwa au ya karatasi? Ni ya nini?
- Tukikosa kununua, ni pesa gani zitarudishwa?

Wakala mkweli atafurahi kujibu. Anayekasirika amekwisha kujibu.

5. Hesabu kabla ya kuanza

Wengi hukusanya bei ya ploti peke yake, halafu wanakwama njiani na kuanza kukopa kwa riba kubwa. Tuseme ploti ni shilingi 800,000. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi: asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, yaani shilingi 16,000, na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, yaani 32,000. Ongezeni wakili, mpimaji, serchi, bodi na uandikishaji. Ikiwa mmemwajiri wakala ninyi wenyewe, mwongeze na ada yake. Tuseme mmekubaliana asilimia 3, hiyo ni 24,000. Ushuru wa faida ya mauzo, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni wa muuzaji. Msikubali kubebeshwa.

Na pesa zipite wapi? Malipo ya kwanza, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, yapite kwa mawakili baada ya mkataba kutiwa sahihi, na kwa benki, ili kila senti iwe na alama yake. Kamwe yasipite kwa M-Pesa ya dalali. Hata wakala aliyesajiliwa anatakiwa kutenga pesa za wateja katika akaunti yao, zisichanganyike na zake.

Mtu akiwaambia "kuna mwingine anakuja jioni", mwambieni, "Basi mpe yeye." Ploti ya kweli inaweza kungoja serchi. Mimi sikujua hivyo, nikalipa shilingi 45,000 kulijifunza neno hilo moja.

6. Mapatano ya mume na mke

Sasa tufike moyoni mwa jambo hili. Mnapomwajiri mtu wa tatu kuingia katika mambo ya makao yenu, ni lazima kwanza ninyi wawili muwe kitu kimoja. Dalali mjanja hujua kumtafuta yule mwenye haraka. Kwa baba husema, "Wewe ndiye kichwa cha nyumba, amua." Kwa mama husema, "Mshangaze mzee kwa hati." Hiyo ni sauti ya kuwatenganisha. Ikataeni.

Patanane hivi: hakuna atakayelipa hata shilingi moja mpaka wote wawili wameiona ploti, wamemwona mwenye mali na wameisoma serchi. Mmoja akisema "bado sina amani", ngojeni. Mke wangu ndiye aliyekataa ploti ya kwanza tuliyoonyeshwa mwaka 2016. Alirudi huko peke yake siku ya mvua, akakuta hakuna barabara ya kuingilia ila kupita katika shamba la mtu. Mimi nilikuwa nimeipenda. Nilinyamaza nikamshukuru, maana nilikuwa nimejifunza.

Majina je? Nawashauri mwandikishe majina yote mawili. Ninyi mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja, mmoja akiitwa na Mungu ardhi hubaki kwa mwenzake bila kungojea kesi ya urithi. Wajane wangapi katika parokia zetu wamefukuzwa na shemeji zao kwa kukosa jina moja katika karatasi? Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke. Hii ndiyo sababu mnataka kumwona mke wa muuzaji, au mume wake. Mkinunua bila idhini yake, mmenunua machozi ya mwenzenu, na mnaweza kuipoteza ardhi yenyewe.

Maneno ya kumalizia

Maandiko Matakatifu yana mfano mzuri wa mnunuzi. Sara alipofariki, Abrahamu alikuwa mgeni katika nchi na hakuwa na mahali pa kumzika. Aliwaomba wazee wa Wahiti wamsemee kwa Efroni, mwenye pango la Makpela. Mnaona, hata Abrahamu alitumia watu wa kati. Lakini bei, fedha shekeli 400, aliisikia kutoka kwa Efroni mwenyewe. Alimpimia Efroni mwenyewe, mbele ya mashahidi langoni mwa mji, na shamba likatajwa pamoja na pango lake na miti yake hadi mpakani. Yeremia naye aliponunua shamba la Anathothi aliandika hati, akaita mashahidi, na hati akaagiza itunzwe katika chombo cha udongo.

Basi jibu langu kwa wale wachumba ni hili. Wakala aliyesajiliwa, mwenye kusema wazi nani anamlipa, anaweza kustahili ada yake mahali msipopajua. Mlipeni kwa haki, maana naye ana watoto. Lakini afungue mlango tu. Wa kuingia na kukagua nyumba ni ninyi wawili, mkiwa na wakili na mpimaji. Na kama fedha hazitoshi kuwalipa wote, mwacheni wakala kwanza. Wakili na mpimaji msiwaache.

Ile risiti ya mwaka 2011 bado ninayo. Mke wangu aliiweka ndani ya bahasha moja na hati yetu miliki, yenye majina mawili. Nilipomwuliza kwa nini, alisema ni ili watoto wakiuliza tulivyopata makao, tuwaambie habari yote.

Maswali ya kujadili, mume na mke au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika nyumba yetu kuna kiasi cha pesa ambacho mmoja hawezi kukitoa bila kumwambia mwenzake? Ni kiasi gani?

2. Je, yuko mtu wa nje ambaye tumempa imani kuliko tulivyopeana sisi?

3. Ardhi au nyumba tuliyo nayo imeandikwa kwa jina la nani? Mwenzi akifa leo, aliyebaki atakaa wapi?

4. Tukiwa jumuiya, tunawezaje kuwasaidia wajane na vijana wanaonunua ploti kwa mara ya kwanza, ili wasiende peke yao?

Mungu azibariki nyumba zenu, na awape makao yasiyo na machozi ndani yake.